Mjomba Hakujitolea

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, televisheni ya nyumbani kwetu huwashwa asubuhi. Hata wajukuu wasiojua Mashujaa ni nani hukaa sakafuni wakisubiri gwaride, tarumbeta, na ule mkuki na ngao vinavyowekwa mnarani. Mjomba hakai kwenye sofa. Anavuta kigoda chake mlangoni, kichwa ndani, miguu nje, kama mtu ambaye anaweza kuitwa wakati wowote akatoka.

Mwaka juzi mtangazaji akasema lile ambalo husemwa kila mwaka, kwamba vijana wa Vita vya Kagera walijitolea kwa hiari yao. Mjomba alikuwa anamenya karanga. Hakuinua macho.

"Mimi sikujitolea," akasema. "Mimi niliitwa."

Wajukuu hawakusikia. Mimi nilisikia, na tangu siku ile nimekuwa namsikiliza mjomba kwa sikio jingine. Hadithi zake za vita ninazo tangu utotoni, nyingine naweza kuzisimulia kuliko yeye. Ila nilikuwa sijawahi kuangalia vitenzi vyake.

Nianze na redio, maana kwa watu wa umri wake kila kitu huanza na redio. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin walivuka mpaka, wakaingia Kagera. Novemba 1 wakatangaza kuwa eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera sasa ni la Uganda, kisha wakalivunja daraja la Kyaka. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akahutubia taifa. Maneno yenyewe kila Mtanzania anayajua, hata aliyezaliwa jana: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.

Mjomba alikuwa akitusimulia jinsi alivyosimama chini ya mwembe wa shule, redio ya mwalimu mkuu ikiwa juu ya meza, kijiji kizima kimya. Nilipombana, akacheka. Siku hiyo alikuwa mbugani anatafuta ndama. Hotuba aliisimuliwa kesho yake. "Lakini mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, mjomba kwa mjomba), "nimeisikia mara ngapi tangu hapo? Ukiisikia mara mia, ile ya kwanza inakuja yenyewe."

Nadhani ana haki. Mkanda ule umepigwa Radio Tanzania miaka na miaka, na siku hizi mtu anautumiwa kwenye simu. Nchi nzima ilikuwa chini ya mwembe siku ile, pamoja na waliokuwa wanatafuta ndama.

Mimi nilikuwa na miaka saba. Kijiji chetu kiko upande wa Igunga, nchi ya mbuga, pamba na ng'ombe. Kyaka hatukuijua. Ninachokikumbuka mwenyewe, bila kusimuliwa, ni mwalimu mkuu. Alikuwa Mhaya, kwao ng'ambo ya mto, na mama yake alikuwa huko. Alikuwa mtu wa fimbo na chaki, hana mchezo. Siku moja tukamkuta saa za masomo amekaa kwenye mzizi wa ule mwembe, kofia mkononi, anaangalia chini. Kengele haikugongwa. Tukacheza mpaka mchana, na hakuna aliyefurahi.

Kwa nini mjomba ndiye aliyeitwa? Kwa sababu alikuwa mgambo. Na mgambo alikuwa kwa sababu ya viatu.

Habari ya mgambo ni ndefu, nitaikata. Mwishoni mwa 1970 Wareno walivamia Conakry, Guinea. Januari 1971 Amin akampindua Obote hapo jirani. TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ikaona nchi haiwezi kulindwa na askari wa kambini peke yao, na waraka wake wa Mwongozo wa 1971 ukataka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Ndiyo maana vijiji vikajaa vijana wanaokimbia mchakamchaka alfajiri na bunduki za mbao begani. Kwa mjomba, ambaye mwaka 1976 alikuwa kijana wa miaka 21 asiyewahi kumiliki kiatu cha ngozi, habari za Guinea zilikuwa mbali sana. Alichosikia ni kwamba mgambo watapewa buti.

Buti hazikuja. Alifundishwa mguu sawa na mguu pande akiwa peku, na gobole la kijiji walilishika kwa zamu. Miaka miwili. Akawa analinda ghala la pamba usiku, anapewa sabuni na posho kidogo, basi. Hayo ndiyo aliyojiandikishia, na neno hilo analikubali kabisa: "Mgambo nilijiandikisha." Vita ni jambo jingine.

Siku ya kuitwa nimeiuliza mara nyingi kuliko zote, na ndiyo anayoisimulia polepole.

Mkutano ulikuwa ofisi ya kijiji, jioni. Mabalozi wa nyumba kumi walipita mchana kuwaambia watu wasikose. Mwenyekiti alikuwa na katibu, na katibu alikuwa na daftari la shule, limekunjwa kwenye ukurasa wenye majina. Mjomba anakumbuka kwamba jalada lilikuwa na jedwali la kuzidisha, kwa sababu alilikodolea macho muda wote asiangalie watu. Mwenyekiti akasema nchi imevamiwa, mgambo wote mnajua wajibu wenu, lakini Chama hakimlazimishi mtu. Halafu akasoma jina moja moja, na kila jina akauliza: uko tayari?

"Sasa fikiria," mjomba ananiambia. "Mama yako yuko pale, kajifunga kanga mbili. Msichana unayetaka kumwoa yuko pale na baba yake. Mwalimu mkuu yuko pale, hajui mama yake kama mzima. Unaulizwa kwa sauti kubwa uko tayari. Utasema nini?"

Alisema yuko tayari. Wenzake tisa walisema hivyo pia.

Wa kumi na moja alisema hapana. Mkewe alikuwa siku za kujifungua, na uzazi wa kwanza ulikuwa umekufa. Hakupandisha sauti wala hakujitetea sana. Katibu akaandika kitu kwenye daftari, mwenyekiti akaita mwanamume mwingine nje ya orodha akajaza nafasi. Huyu wa kumi na moja alipewa jina siku ileile, jina la dhihaka. Sitaliandika hapa, kwa sababu wajukuu zake wanalitumia kama jina la ukoo, wala hawajui lilitoka wapi.

Usiku ule bibi hakulia. Hilo nalikumbuka mimi mwenyewe, nilikuwa nalala chumba kimoja naye. Alikaa jikoni akamtazama mwanawe akila, kisha akasema, afadhali wewe umetajwa jina. Baba yako alikamatwa.

Babu alikwenda Bama. Wazee wetu walisema Bama, na ni baadaye sana, darasani, nilipogundua kuwa ni ileile Burma ya kwenye ramani. Jeshi lilikuwa la Kiingereza, King's African Rifles, ila kwa waliokuwamo lilikuwa Keya tu. Babu hakuingia kwa bango la tangazo wala kwa hotuba. Alikwenda mnadani kuuza dume la mbuzi, watu wa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, wakawa wamezunguka mnada, na vijana wenye kifua wakatengwa upande mmoja pamoja na kamba za mbuzi wao mkononi. Mbuzi alirudishwa nyumbani na jirani. Babu alirudi vita ilipokwisha, anajua kusema maneno mawili ya Kihindi na anaogopa kulala ndani mvua ikinyesha. Na huyo alikuwa na bahati, kwani zama zilezile za vita Waingereza waliwachukua wengine kwa nguvu kwenda mashamba ya mkonge, ambako mtu harudi na hadithi wala medali. Kizazi kilichotangulia, vita vya 1914, kilibeba mizigo. Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake linatokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, ingawa anayenunua nyanya pale leo hana habari hiyo.

Kwa hiyo bibi alikuwa na mizani yake. Baba wa mumewe alibebeshwa, mumewe alikamatwa, mwanawe ameitwa. Kwake yeye hiyo ilikuwa hatua. Kuna watu wataona nakuza jambo dogo la maneno, lakini mwanamke yule alijua tofauti ya hayo matatu kuliko mimi niliyesomea Kiswahili.

Lori lilikuja siku ya tatu. Mimi nilikuwa nasimulia kwamba lilikuwa lori la jeshi, la kijani. Mjomba ananikatalia. Lilikuwa lori la pamba. Serikali ilikuwa imechukua magari ya watu na ya mashirika nchi nzima, malori na mabasi, mengine pamoja na madereva wake, kwa sababu jeshi halikuwa na magari ya kutosha kuvusha watu wengi hivyo upande wa pili wa nchi. Msimu wa kununua pamba ulikuwa umekwisha, ila katikati ya mbao za bodi pamba ilikuwa imenasa, nyeupe, chafu, kama nywele za mzee. Vijana kumi na mmoja wakakaa juu yake. Watoto tulilikimbiza lori mpaka darajani tukiimba kwamba Amin atatupwa Kagera awe chakula cha mamba. Mjomba anasema hakusikia wimbo. Alikuwa anachomoa pamba kwenye nyufa za mbao, anaviringa vidonge, bila kujua kwa nini, mikono tu ilikuwa inataka kazi.

Tabora, kambini, buti zilipatikana hatimaye. Namba tisa. Mjomba anavaa saba. Aliyekuwa anagawa alimwambia atakua. Basi zile pamba zilizokuwa mfukoni akazisokomeza kwenye ncha za buti, na kwa pamba hiyo ya kwao alitembea, kwa hesabu yake, mpaka Masaka, ndani ya Uganda. Hapo ilioza, akaweka nyasi.

Wiki za Tabora zilikuwa za kusahaulishwa bunduki ya mbao na kufundishwa ya kweli, SMG. Jeshi ambalo kabla ya vita halikufika watu 40,000 lilivimba kwa miezi michache likapita 100,000: mgambo, vijana wa JKT, polisi, askari magereza. Unaweza kufikiria foleni ya chakula. Katika hadithi zote za Tabora ninazozijua, adui anatajwa mara moja na maharage mara kumi.

Kisha treni mpaka Mwanza, kisha ng'ambo ya ziwa. Kutoka hapo mjomba anasimulia haraka, na mimi nitafanya hivyohivyo. Waliwakuta watu wa Kagera wakirudi kwenye nyumba zisizo na mabati, ng'ombe wameswagwa kwenda Uganda, kiwanda cha sukari kimekombwa. Mutukula, mji wa Uganda mpakani, ilitekwa Januari 1979, na askari wetu wakaibomoa kwa hasira ya yale waliyoyaona. Mwalimu hakupendezwa, ikatoka amri kwamba raia wa Uganda na mali zao wasiguswe. Masaka ikaanguka mwishoni mwa Februari. Yote hayo kwa miguu, usiku, kwenye mvua. Majina ya makamanda yalikuwa yakipita mstarini kama hirizi: Musuguri aliitwa Chakaza, Mayunga aliitwa Mti Mkavu, Walden aliitwa Black Mamba. Mjomba hakuwahi kumwona hata mmoja wao kwa karibu. "Ila ukisikia Chakaza yuko mbele, unalala."

Halafu Lukaya.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na hapo barabara inapita katikati ya kinamasi, mafunjo kulia, mafunjo kushoto. Machi 10, 1979 brigedi ya 201 ndiyo iliyokuwa hapo. Karibu watu wake wote walikuwa mgambo, na wengi wao walikuwa hawajawahi kupigana hata siku moja. Kanali Gaddafi wa Libya alikuwa amemletea rafiki yake Amin askari na vifaru, pamoja na mizinga ile ya kurusha roketi mfululizo. Roketi zilianza kushuka.

Miaka mingi mjomba alituambia: "Pale tulirudi nyuma kidogo, tukajipanga." Mwaka jana, tukiwa wawili tu, tunasubiri betri ya simu yake ijae dukani kwa jirani, akasema kitu kingine.

"Tulikimbia."

Nikanyamaza.

"Nilikimbia kwenye maji mpaka hapa," akagusa kifua. "Buti moja ilibaki kwenye tope. Kulikuwa na mwenzangu wa Nzega ananiita jina, nikadhani ananiita nimsaidie. Sikugeuka. Kumbe alikuwa ananiambia nakimbilia upande wao."

Usiku ule makamanda wakawakusanya tena, kikundi kikundi, huku wakiitwa kwa majina gizani kando ya barabara. Brigedi ya 208 ikazunguka kutoka kaskazini magharibi, na alfajiri ya Machi 11 Walibya na watu wa Amin wakajikuta katikati. Wanaoandika juu ya vita hii husema hapo ndipo ilipoamuliwa, na mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ikawa mikononi mwa Watanzania na Waganda waliopigana upande wao. Mjomba anazijua tarehe hizo. Lakini yeye hukaa kwenye ile kuitwa. Mwenyekiti alimwita akaenda. Yule wa Nzega alimwita, hakugeuka. Kuruta aliyesimama barabarani gizani na orodha mkononi akamwita, akaitika, peku mguu mmoja. Amenisimulia mara tatu sasa, na kila mara ni hayo matatu, kwa mpangilio huo.

(Walibya, kwa kuwa nimewataja, mwishoni mwa mwezi uleule walituma ndege ya mabomu kuja kupiga Mwanza. Ilikosa shabaha ikapiga kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, ikaua swala kadhaa. Mjomba huipenda sana habari hii, kuliko kutekwa kwa Kampala.)

Alirudi katikati ya 1979 na blanketi, saa isiyotembea, na ngozi ya uso ya mtu mwingine. Tulimpokea kwa ngoma. Yule msichana alikuwa bado yupo, ndiye shangazi yetu wa sasa, ingawa kwa haki ni mama mkwe wa nusu ya kijiji.

Hesabu miezi hiyo: Novemba mpaka katikati ya mwaka. Ndio msimu mzima wa kulima, kuanzia mvua za kwanza mpaka mavuno. Vijana kumi na mmoja wenye nguvu waliondoka mvua zilipokaribia, na mjomba njiani kote alikuwa na hakika atakuta njaa. Akakuta shamba la bibi limelimwa, limepaliwa, mahindi yameshavunwa yako kwenye kihenge. Akauliza nani. Bibi akamtaja yule wa kumi na moja. Alikuwa amepita kwenye mashamba yote ya walioondoka, moja baada ya jingine, na jembe la ng'ombe wake. Hakuombwa na mtu, na wengine walimwacha alime bila kumpa hata maji, wakimwita jina lile.

Mkewe alijifungua salama, mtoto wa kike.

"Huyo ndiye alijitolea," mjomba aliniambia. Katika mazungumzo yetu yote, hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akilitumia neno hilo bila kulikana.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kufunga mkanda. Mwalimu aliomba miezi 18, ikawa mingi zaidi, na sabuni ikawa kitu cha kuhongea. Bunduki zilizopotea vitani zikaanza kuonekana kwa wezi wa ng'ombe, na miaka ya themanini ilipoanza Wasukuma na Wanyamwezi wakaunda sungusungu. Mjomba akafuatwa, kwa kuwa ameona vita. Huko nako aliitwa.

Mwaka jana ikaja fomu. Kulikuwa na uhakiki wa waliopigana, sitasema ni ofisi gani, na watu wa umri wake wakaambiwa wajaze. Nikamjazia mimi. Jina, kijiji, kikosi. Halafu kulikuwa na swali la namna ulivyojiunga, na viboksi viwili: kuajiriwa, kujitolea. Nikaweka alama kwenye kujitolea, kwani ndicho kilichokaribia. Fomu ikaenda, ikarudi baada ya miezi mitatu. Tatizo lilikuwa picha, ilitakiwa yenye mandhari ya bluu, ya kwetu ilikuwa nyeupe. Ikabidi tuanze upya, fomu mpya, siku nzima ya bodaboda na foleni.

Safari hii mjomba alivaa miwani. Alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ileile ya mgambo, na husoma kwa kidole. Alipofika kwenye viboksi akasimama.

"Hiki uliweka alama mwanzo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Futa. Andika pembeni."

Nikamwambia wataikataa. Wana kompyuta, inataka kiboksi. Akasema mara ya kwanza waliikataa pia, na kiboksi kilikuwepo. Nikaandika pembeni, kwa herufi kubwa, nikamrudishia karatasi. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaweka kidole chini ya neno, akaenda nalo taratibu mpaka katikati, akasimama hapo.

"Niliitwa ina i mbili hapa," akasema.

"Nimeweka mbili."

Akahesabu. Akanirudishia fomu, akachukua sahani yake ya karanga.

"Peleka."